Mwenye Nyumba Anapiga Hodi

Njombe, Jumatatu 12 Mei

Muuguzi Fidelia kaniambia ninunue daftari niwe naandika kila siku baba kala nini, kalala vipi, kasahau nini. "Kwa kifupi tu, dada Erica, daktari atasoma ukija kliniki." Kifupi ndicho nisichokiweza, lakini tuanze.

Baba yangu, Mzee Anania, aliletwa kwangu juzi kutoka Kitandililo, kule Makambako. Kiharusi kilimpata mwezi wa tatu. Mkono umerudi, miguu imerudi, akili ndiyo inakwenda na kurudi inavyotaka yenyewe. Mama kabaki kuvuna mahindi. Mimi ndiye ninayekaa karibu na hospitali, na ndiye nisiye na mume wa kuomba ruhusa. Wangu alihamia Mafinga kwa mwanamke mwingine na simfuatilii.

Leo kala uji na viazi, kalala mchana. Kaniita Tabea, ambalo ni jina la mama. Sikumsahihisha.

13 Mei

Uji. Ukungu kutwa. Kalala.

14 Mei

Siwezi kumwacha peke yake, kwa hiyo nilikwenda naye sokoni. Nauza masweta na makoti ya mtumba, na msimu huu wa baridi ndio wangu. Nilimvika koti zito nikamkalisha kando ya meza. Akaja mteja, akashika kola ya lile koti, akaniuliza bei. Baba akamtazama kwa ule uso wake wa mzee wa kanisa, yule mtu akaomba radhi na kuondoka. Nilicheka hadi nikaegemea nguzo. Baba hakucheka. Daktari asiandike hilo kama ugonjwa, baba hajawahi kucheka tangu nimjue.

15 Mei

Leo nitaandika kwa kirefu, daktari anisamehe.

Kuna katuni inayoonyeshwa jioni, Jumatatu hadi Ijumaa, inaitwa Nyumba ya Bati Jekundu. Ni ya nje, imetiwa sauti za Kiswahili, kwa hiyo theluji inawaangukia na huku wanasalimiana shikamoo. Kuna Mzee Chubwi, mnene, fundi saa ambaye hajawahi kuwahi popote. Kuna mkewe anayeendesha basi la shule, kuna bibi asiyesikia vizuri, kuna watoto, na wa mwisho anaitwa Kishada. Kila jioni Mzee Chubwi anapiga hodi nyumbani kwake mwenyewe. "Hodi hodi!" Watoto wanaitikia, "Nani?" "Mwenye nyumba!" "Mwenye nyumba gani?" Basi inabidi ajieleze pale nje kwenye theluji mpaka wamwonee huruma. Mwisho wote wanakaa mezani, Mama Chubwi anashika upawa na kuuliza, "Tumetimia?" Nao wanapiga kelele, "Tumetimia!" Muziki, majina yanapita, imekwisha.

Nina miaka arobaini na tatu na huwa nafunga pazia nikiiangalia. Wenzangu sokoni wanafuata tamthilia za watu wanaotiliana sumu kwa ajili ya urithi. Mimi sumu sitaki. Leo Kishada alivunja birika la bibi akalifukia bustanini, na hiyo ndiyo ilikuwa habari yote. Alikosea, akaona aibu, akasema, wakala chakula. Hakuna aliyechapwa. Nikitoka sokoni na miguu imevimba, hicho ndicho ninachotaka kukiona.

Nilisahau kwamba baba yuko nyuma yangu. Mzee Chubwi aliposema "mwenye nyumba" nikasikia sauti ndogo, kavu, nikageuka haraka nikidhani kapaliwa. Alikuwa anacheka. Mabega yalikuwa yanatikisika na machozi yanamtoka. Nilisimama na kikombe mkononi nisijue nifanye nini. Baadaye nikaingia chumbani nikalia, na sababu yake siijui vizuri.

16 Mei

Kacheka tena. Kala vizuri.

17 Mei, Jumamosi

Alikaa mbele ya televisheni imezimwa. "Wako wapi?" Nikamwambia wanapumzika mpaka Jumatatu. "Jumapili wanasali?" Nikasema ndiyo. "Vizuri," akasema, akaenda kulala.

22 Mei

Mama Chubwi kauliza "Tumetimia?" na baba kajibu, "Bado."

Nikatazama sahani yake, imebaki nusu. Nikaongeza ugali. Akausukuma. "Bado," akasema tena, akatazama mlango.

23 Mei

"Bado." Nilimpa ndizi. Hakuitaka.

29 Mei

Asubuhi majani yalikuwa meupe kwa barafu. Makoti ya watoto yamekwisha yote. Jioni upepo ulitikisa mlango, baba akasema kwa sauti ya kukaribisha, "Karibu!" Hapakuwa na mtu. Nilifungua ili aone hapana mtu. Akaitazama barabara kwa muda mrefu, kisha akaniambia nifunge, baridi inaingia.

1 Juni, Jumapili

Mama kaja na unga wa mahindi mapya na maharage. Kamkuta mumewe anaulizia katuni. "Erica, baba yako alikuwa mzee wa usharika, wewe unamwonyesha vikaragosi?" Nikamwambia angoje kesho aone anavyocheka. Mama akanitazama kama mtu aliyeambiwa mlima umehama.

Nikamuuliza kuhusu "bado". Akaniambia nisihangaike, hiyo ni reli. Baba alifanya kazi ya ishara pale stesheni ya Makambako hadi alipostaafu. Treni ikipita, ilimpasa aione taa ya behewa la mwisho. Asipoiona, treni haijatimia, kuna mabehewa yamebaki njiani, na hawezi kuruhusu nyingine ipite. "Alikuwa anaiota hata usingizini. Bado, bado. Mwache, yuko kazini kwake."

Maelezo mazuri. Nimeyakubali.

2 Juni

Mama aliangalia akiwa amesimama mlangoni mwa jikoni, ili isionekane kwamba anaangalia. Baba alipocheka, mama alirudi ndani na sikumwona tena mpaka chakula kilipoiva. Macho yalikuwa mekundu. Kasema ni moshi. Mimi natumia gesi.

5 Juni

Mama aliondoka jana. Leo nimepata mshtuko ambao siwezi kuuandika kwa kifupi.

Nilikuwa natenga chakula. Kwenye katuni Mzee Chubwi kapiga hodi, watoto wakauliza nani. Niliporudi sebuleni kiti cha baba kilikuwa kitupu na mlango uko wazi. Nikatoka mbio. Nilimkuta kwenye kona ya barabara, miguu mitupu, ukungu umemfunika hadi kiunoni. Nilimfokea kama mtoto. Nilimwambia anataka kuniua. Akaningoja nimalize.

"Nimesikia hodi," akasema.

"Ni katuni, baba!"

"Katuni naijua. Nimesikia ya Jastin."

Jina hilo halijatajwa mbele ya baba kwa zaidi ya miaka ishirini. Jastin ni mdogo wangu. Alikuwa na miaka kumi na sita. Siku moja baba alikuwa anaomba sala ya chakula, na sala zake zilikuwa ndefu, zilipitia kwa wagonjwa, kwa wasafiri na kwa serikali kabla ya kufika kwenye ugali. Kuku akaingia, akasimama katikati ya sebule, akainamisha kichwa kama Mkristo mwenzetu. Jastin akacheka. Kicheko chake kilikuwa na mkoromo mwishoni, ukikisikia huwezi kujizuia, lakini mimi na mama tulijizuia. Baba aliendelea mpaka Amina. Kisha akasema, bila hata kupandisha sauti, "Toka mezani pangu. Siku ukijua kukaa na watu, utakuja hapo mlango wa mbele, utapiga hodi, na mimi nitakukaribisha."

Yeyote aliyelelewa huku anajua uzito wa maneno hayo. Mtoto hapigi hodi kwao. Anapitia jikoni, anafunua sufuria, anauliza mama yuko wapi. Kumwambia mtoto apige hodi ni kumwambia hapa si kwenu. Jastin alilala kwa shangazi siku chache, halafu akadandia lori la kwenda Tunduma pale njia panda. Hakurudi hata Krismasi.

Nimemwosha baba miguu kwa maji ya moto. Zilikuwa baridi kama mawe zile nyayo. Kichwani ninahesabu zile "bado" zote na ndizi nilizompa, na naona haya. Haikuwa chakula wala reli.

6 Juni

Nimempigia mama. Nikamwambia baba anamngoja Jastin, na laiti tungejua alipo.  Mama akasema, "Namba yake ninayo."

Anayo miaka yote. Kila Jumapili akitoka kanisani anasimama kwenye miti ya Lameki, jirani yetu, anampigia Jastin simu, ndipo anarudi nyumbani. Anajua kwamba ana gereji ya matairi, ana mke, ana binti anayeitwa Jasmine. Nina mtoto wa ndugu na sikuambiwa! Nilimuuliza kwa nini.

"Wewe ungemwambia baba yako kwa hasira zako," akasema. "Ingekuwa vita. Nilitaka angalau mimi nibaki na wa kuongea naye."

Nilikata simu. Nina hasira, na siwezi kusema kwamba kadanganya.

8 Juni, Jumapili

Mama alinitumia namba, leo nikapiga.

"Nani mwenzangu?"

"Erica."

 Honi za malori. "Baba kafa?"

"Hajafa."

"Basi kamwene, dada."

"Kamwene, Jastin." Hiyo ni salamu ya kwetu tu, na nikalazimika kukaa chini.

Nilimweleza yote. Alisikiliza. Akauliza, "Kasema niitwe?"

"Anasema umepiga hodi."

"Mimi sijapiga."

"Najua hujapiga."

"Dada, mtu anapigaje hodi kwao? Mimi siwezi. Yeye akisema karibu, hata leo napanda gari. Neno moja tu. Si nalingoja miaka yote?"

Mmoja anangoja hodi, mwingine anangoja karibu, na katikati kuna mlango mmoja wa mbao ambao hata kitasa chake kibovu. Mzee Chubwi angelimaliza jambo hili kabla ya tangazo la pili la sabuni. Ndiyo maana naipenda ile katuni na leo ndiyo maana nimeichukia. Wale watu wanakosea saa moja na kusameheana saa moja na nusu. Nani kawafundisha? Sisi tulisali kila siku na hatukuweza.

11 Juni

Nilijaribu ujanja. Nikaweka simu mbele ya baba irekodi. "Baba, sema: Jastin, karibu nyumbani."

Akanitazama kwa huruma. "Atapiga hodi kwanza."

"Lakini wewe ukianza—"

"Mwanangu, nani anakaribisha kabla ya hodi?"

12 Juni

Uji kidogo. "Bado."

13 Juni

"Bado."

19 Juni

Hatembei vizuri. Fidelia kamshika mkono muda mrefu kuliko ilivyohitajika kwa mapigo ya moyo. Daktari alisoma daftari kurasa mbili akalifunga. Kasema tumpeleke nyumbani akae na watu wake. Nilimuuliza kama kuna dawa nyingine. Kasema baridi isimpige, basi.

Nilifika nyumbani nikaona nimevaa koti la kuuza lenye karatasi ya bei. Nilitembea nalo mji mzima.

27 Juni, Kitandililo

Tumehamia. Lameki katuchukua kwa gari lake. Televisheni nimeifunga kwa blanketi na baba kaipakata njiani kote. Alikuwa anaiuliza kama haisikii baridi. Lameki kaanza kucheka, akaniona, akaacha.

Nyumba ni ileile. Meza ileile ya mpaini, viti vinne. Mama hajawahi kukiondoa kile cha nne. Baba alikaa pake, uso kuelekea mlango wa mbele, na hapo ndipo nilipoelewa kwamba miaka yote hakuwahi kukaa upande mwingine. Nilidhani ni ubabe wa mwenye nyumba.

30 Juni

Sasa mama naye anakaa chini kuangalia. Kasema Mama Chubwi hajui kufunga kilemba. Hakosi hata siku moja.

3 Julai

Upepo mkali tangu asubuhi, vumbi la mahindi kila mahali. Nilikuwa sebuleni simu ikalia. Jastin, kwa mara ya kwanza yeye ndiye aliyepiga. "Nilitaka kujua tu anaendeleaje." Kabla sijajibu upepo ukaupiga mlango, na baba akaita kwa nguvu zake zote zilizobaki, "Karibu! Karibu mwanangu, pita!"

 Nikasikia mtu mzima analia katikati ya malori.

"Umesikia?" nikauliza.

"Nimesikia."

5 Julai, Jumamosi

Kaja. Nilimwona kutoka uani, mtu mrefu, mvi zimeanza kidevuni, anatembea kama baba. Alisimama mbele ya mlango wa mbele, mkono umeinuka, haugusi mbao. Hata moyo wangu uliuma kumwona hivyo. Mtoto wa nyumba hii asimame nje kama mdai! Nikamkimbilia, nikamshika mkono. "Achana na huo. Hapa ni kwenu, pita jikoni." Nikamzungusha nyuma. Mama aliangusha sufuria la kande na hakuna aliyeliokota.

Tukamwingiza sebuleni. Baba akamtazama juu hadi chini.

"Huyu nani?"

"Jastin, baba," nikasema.

"Jastin ni mtoto."

"Ni mimi, baba. Nimekua."

Baba akakunja uso. Ulikuwa uso wa zamani hasa, ule uliotufanya tusipumue mezani. "Mzee mwenzangu, usilichezee jina la mwanangu." Kisha adabu ikamrudia. "Lakini karibu ukae. Mgeni halali njaa hapa."

Jastin alikaa kwenye kiti cha nne.  Baba alimkaribisha mboga mara kwa mara, kwa ustaarabu mwingi, kama unavyomkaribisha mtu usiyemjua.

7 Julai

Mgeni bado yupo. Ndivyo baba anavyomwita, Mgeni. Anampenda. Wanaangalia katuni pamoja, na Jastin anajitahidi kucheka kwa kujibana, mdomo umefungwa, kama mtu aliyeonywa.

Mama Chubwi akauliza. Baba akasema, "Bado." Jastin akasema taratibu, "Nipo, baba." Baba akampigapiga gotini. "Usijali, Mgeni, wewe kula tu. Kuna mtoto tunamngoja."

Jastin akatoka nje. Mimi nikamaliza ugali wangu, kwa sababu mtu alitakiwa kubaki mezani.

10 Julai

Baba kamwambia Mgeni, "Nikilala mapema, akija usimfukuze. Mimi niliwahi kumfukuza." Jastin akajibu kwamba hatamfukuza. "Ni mtoto mzuri. Anacheka vibaya tu."

Sijawahi kumsikia baba akikiri kitu. Kakikiri kwa mtu asiyemjua, na mtu huyo ndiye mwenyewe. Nimeandika hivi nimekaa jikoni na mama. Tumeshikana mikono, jambo ambalo si kawaida yetu.

14 Julai

Kala vijiko vitatu.

15 Julai

Nitaandika kama ilivyokuwa.

Umeme ulikatika jioni, kabla ya katuni. Tukawasha taa ya chemli, tukakaa mezani. Mama ndiye anayeomba siku hizi. Alikuwa amefika kwa wasafiri, na macho yetu yamefumbwa, umeme ukarudi ghafla na televisheni ikapiga kelele katikati ya sala: "Hodi hodi! Mwenye nyumba jamani, ninaganda huku!"

Jastin akacheka. Hakupata nafasi ya kujibana. Kilitoka chote, na ule mkoromo mwishoni, uleule.

 Nilifumbua macho nikamtazama baba. Alikuwa ameinua kichwa, amegeuza sikio kuelekea mlangoni.

"Mmesikia?" akasema. "Yuko nje. Huyo ni Jastin. Mwanangu yuko nje kwenye baridi!" Akaanza kuinuka na miguu ikamkatalia.

Mimi nikataka kumweleza. Nilishaanza, "Baba, Jastin si huyu hapa..." Mama akanizuia kwa mkono. Mama yangu, ambaye miaka yote nilimhesabu kama mtu wa kunyamaza. Alizima televisheni, akamwinamia Jastin sikioni, lakini nilisikia. "Toka. Pitia jikoni, uzunguke. Nenda ukampigie hodi baba yako."

Jastin akamtazama. Niliogopa atakataa. Akainuka, akapita jikoni, nikasikia hatua zake kwenye changarawe zikizunguka nyumba, kisha zikasimama. Tukangoja. Nilisikia anavyopumua upande wa pili wa mbao na nikasema moyoni, sema, mdogo wangu, ni neno tu.

"Hodi."

Baba akakaa sawa. Akaweka mikono yote miwili mezani. "Nani?"

"Jastin."

"Jastin gani?"

"Jastin wa Anania. Wa hapa."

"Karibu," akasema baba. "Karibu, mwanangu. Pita."

Nikafungua mimi. Aliingia mtu yuleyule aliyetoka, mwenye mvi zilezile, na baba akamtazama usoni na kumjua. Alimshika mkono, akauvuta, akamkalisha. "Umechelewa. Chakula kimepoa." Jastin akasema hakuna neno, atakila hivyohivyo. Na alikula, machozi yanaingia kwenye ugali, na baba anamtazama kila tonge linavyoingia mdomoni.

Mama akashika upawa.  "Tumetimia?"

Baba alitutazama mmoja mmoja. "Tumetimia," akasema. "Sasa fungeni mlango, baridi inaingia."

16 Julai

Kamwita Jastin kwa jina asubuhi. Jioni kamwita Mgeni. Lakini "bado" hakusema.

18 Julai

Maziwa kidogo. Kalala karibu kutwa. Katuni ilipoanza alifumbua macho kwa Mzee Chubwi, akatabasamu, akafumba.

21 Julai, Jumatatu

Baba kafariki leo alfajiri, Jastin kamshika mkono. Nimelifungua hili daftari kwa mazoea niandike kala nini.

26 Julai, Jumamosi

Tulimzika juzi, nyuma ya shamba. Watu walijaa, wa kanisa na wa reli. Mke wa Jastin alikuja na Jasmine, ambaye anacheka kama baba yake, na watu walimgeukia pale kaburini na hakuna aliyemkaripia.

Leo waombolezaji wametawanyika. Televisheni imefunikwa kitambaa. Jioni mama alipika, akaweka sahani kama kawaida yake, na Jasmine akakalia kiti cha nne bila kuambiwa, wazazi wake wakakaa kwenye benchi. Kiti cha baba kikabaki. Mama alishika upawa, na nadhani lilimtoka tu bila kukusudia.

"Tumetimia?"

 Jasmine alimtazama baba yake. Jastin akainuka, akaenda akafungua mlango wa mbele mpaka mwisho, akarudi kuketi. Baridi ikaingia mpaka mezani, chakula kikapoa haraka. Tulikula hivyohivyo, na hakuna aliyesema ufungwe.